Jumamosi iitwayo Esabato: safari ya Ekegusii katika maghala ya waandishi wa programu

Ukitaka kujua jinsi lugha ya Abagusii ilivyojipenyeza ndani ya programu za kompyuta zinazotumiwa kote duniani, usianzie Kisii wala Nyamira. Anzia Marekani, kwa mwanaisimu mmoja ambaye nusura aje Afrika.

Jina lake ni Larry Wall. Yeye na mkewe walisomea isimu wakikusudia kwenda kuishi na watu ambao lugha yao haikuwa na maandishi, ikiwezekana barani Afrika, waitungie alfabeti na kutafsiri Biblia. Afya ilimkatalia. Akabaki kwao, akashika kazi ya kompyuta, na mnamo 1987 akatoa lugha ya programu iitwayo Perl. Wanaoijua Perl watakwambia ina ladha ya mwanaisimu: jambo moja laweza kusemwa kwa njia nyingi, mithili ya lugha tunazozungumza sisi.

Hebu nifafanue kidogo kabla sijaendelea, maana safu hii husomwa zaidi na walimu wa Kiswahili kuliko mafundi wa kompyuta. Lugha ya programu ni lugha ya kuiamuru mashine. Anayeiandika haanzi kila siku na kusaga unga. Kuna kazi ndogo ndogo zinazojirudia: kupanga majina kialfabeti, kuhesabu siku kati ya tarehe mbili, kuandika jina la mwezi badala ya nambari yake. Aliyekwisha kuandika msimbo wa kazi kama hiyo anaweza kuufunga kama kifurushi na kumpa mwenzake. Sasa mwenzake ataupata wapi? Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vifurushi vya Perl vilikuwa vimetapakaa kwenye seva za vyuo mbalimbali. Mwenye kifurushi akihama chuo, kazi yake ilikuwa hatarini kupotea naye.

Waliotangulia kutafuta dawa ni watumiaji wa TeX, mfumo wa kupanga chapa za vitabu, hasa vya hisabati. Walianzisha ghala lao, CTAN, mnamo 1992. Watu wa Perl wakaiga. Jarkko Hietaniemi, Mfini, akalisukuma wazo hilo. Andreas König, Mjerumani, akatengeneza mlango wa kupokelea vifurushi. Na Oktoba 1995 ghala la CPAN likafunguliwa kwa umma kwenye seva ya mtandao wa vyuo vikuu vya Ufini. Watu wa R, lugha ya wanatakwimu, wakafungua la kwao Vienna mnamo 1997. Python ikafuata 2003. Leo ni vigumu kutaja lugha ya programu yenye wafuasi wengi isiyo na ghala la aina hii.

Kinachonivutia mimi, mtu wa lugha, ni kanuni za ghala hilo la 1995. Hapakuwa na kamati ya kuamua kifurushi gani ni kizuri. Yeyote aliyejisajili angeweza kuleta chake. Ila alipaswa kukipa jina lisilo la mtu mwingine na nambari ya toleo. Akikirekebisha, haruhusiwi kufuta la zamani na kuandika juu yake. Analeta toleo lenye nambari mpya. Kisha ghala zima linanakiliwa kwenye seva nyingi katika nchi nyingi, hivi kwamba moja ikizimika, nyingine zinaendelea kugawa.

Linganisha na Kamati ya Lugha iliyoundwa 1930 kusanifisha Kiswahili cha Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kamati ile ilisoma miswada, ikasahihisha, ikakubali au kukataa. Kitabu cha shule kilihitaji idhini yake. Sisemi ilikosea kwa kila jambo. Bila hiyo huenda leo mtoto wa Nyamira na mtoto wa Tanga wangekuwa wanasoma tahajia mbili tofauti. Lakini ilikuwa ghala lenye mlango mmoja na bawabu mmoja. Matokeo ya tabia hiyo bado tunayo: tarakilishi, ngamizi na kompyuta zimeishi pamoja kwa miongo kadhaa, kila moja ikiwa na mabingwa wake, na mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Kisii hukatwa alama kwa kutumia lile ambalo mwalimu wake halipendi. Hakuna mahali ambapo maneno hayo matatu yamewekwa pamoja, kila moja na jina la aliyelibuni na mwaka wake, ili msomaji aone lipi limetumiwa na nani.

Abagusii walikuwa na mifano yao ya kazi ya pamoja. Mwanaanthropolojia Philip Mayer aliandika kuihusu, na baada yake Robert na Barbara LeVine katika utafiti wao wa Nyansongo, jina waliloipa jamii waliyoichunguza. Kulikuwa na risaga, ambapo mwenye shamba hupika pombe na majirani wakaja kulima kwa wingi siku hiyo. Na kulikuwa na egesangio, kikundi kidogo kinachozunguka kwa zamu, leo shamba langu, kesho lako. Nikisoma historia ya maghala ya programu naona yote mawili. Siku za mwanzo ni risaga: watu wanakuja kwa shangwe. Miaka kumi baadaye imebaki egesangio, watu wachache wanaopokezana zamu ya kulinda seva, mara nyingi bila malipo, na wengi wanaokula mavuno hata hawawajui kwa majina.

Udhaifu wa mpango huo ulijitokeza Machi 2016. Ghala la npm, la lugha ya JavaScript, lilikuwa na kifurushi kiitwacho left-pad, mistari 11 ya msimbo inayojaza nafasi upande wa kushoto wa neno. Mwenyewe, Azer Koçulu, aligombana na wenye ghala kuhusu jina la kifurushi chake kingine, akaamua kuondoa kazi zake zote. Ghafla programu nyingi, zikiwemo za kampuni kubwa, zikakataa kujengwa kwa sababu mahali fulani chini kabisa zilikuwa zinategemea ile mistari 11. Wenye ghala wakairejesha baada ya saa chache, kisha wakabana kanuni za kuondoa kifurushi. Nimelitaja tukio hilo kwa sababu moja: ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya jina. Nani ana haki ya neno? Ndilo swali tulilogombania sisi watu wa istilahi tangu zamani, tena bila kuzima kompyuta ya mtu yeyote.

Sasa tuje kwa lugha za binadamu. Kompyuta inapoandika tarehe, inahitaji kujua siku na miezi huitwaje katika lugha ya mtumiaji, fedha huandikwaje, juma huanza lini. Zamani kila kampuni ilikuwa na orodha yake. IBM na yake, Sun na yake, Microsoft na Apple zao, na hazikupatana. Ndipo likazaliwa ghala la pamoja la data za aina hiyo, CLDR, ambalo mnamo 2004 likawa chini ya Unicode, lile shirika la California linaloipa kila herufi ya dunia nambari yake. Kila lugha ina faili zake humo, na kila faili ni kama kifurushi: ina jina, ina toleo, na inarithi kwa mzazi kile ambacho haina. Kiswahili ni sw. Chini yake kuna sw-TZ, sw-KE, sw-UG na sw-CD ya Kongo. Kwa miaka kadhaa Kiswahili cha Kongo kilisimama peke yake kwa msimbo swc, kisha kikawekwa chini ya sw kama tawi. Uamuzi mzito wa kilahaja, naam, wa aina ambayo kwetu ungeitishiwa kongamano la siku tatu, na ulipita katika orodha ya mabadiliko ya toleo.

Lugha nyingi za Kenya ziliingia humo karibu na mwaka 2010. Wakati huo Mtandao wa Ujanibishaji wa Afrika, ANLoc, uliofadhiliwa na shirika la IDRC la Canada, ulikuwa umejipa kazi ya kukusanya data za lugha 100 za bara hili. Kikamba, Kigikuyu, Dholuo, Kimasai, Kitaita, Kimeru, Kiembu zimo. Ekegusii imo pia, kwa msimbo wa herufi tatu: guz.

Niliwaonyesha wanafunzi wangu faili hiyo muhula uliopita, katika somo la ukopaji wa maneno. Hizi ndizo siku za juma kama zilivyoandikwa humo, kuanzia ile Waingereza wanayoanza nayo: Chumapiri, Chumatato, Chumaine, Chumatano, Aramisi, Ichuma, Esabato.

Darasa likacheka, kisha likanyamaza. Msichana mmoja wa upande wa Nyamira akauliza, "Mwalimu, hizi ziko kwa kompyuta ya nani?" Nikamwambia ziko kwa yake. Kweli ziko. Java inazo. Babel, kifurushi cha Python, kinazo. Angular, ambayo hutoka Google na hugawiwa kupitia lile lile ghala la npm, ina faili ya guz. Hata Perl ya Larry Wall, kupitia kifurushi cha tarehe kilichomo CPAN, inajua kusema Esabato.

Tutazame maneno yenyewe, maana hapo ndipo utamu ulipo. Ekegusii haina sauti j wala l wala v. Jumapili ikabadilika kuwa Chumapiri, sawasawa na kanuni. Alhamisi ikawa Aramisi, Ijumaa ikawa Ichuma. Chumatato ni chotara: t ya mwanzo ni ya Kiswahili, maana tatu kwa Ekegusii ni isato, lakini irabu ya mwisho ni ya kwetu. Chumatano imebadilisha j pekee. Chumaine inanisumbua, si nne ya Kiswahili na si inye ya Ekegusii, imekaa katikati kama mgeni aliyekosa kiti.

Halafu kuna Esabato. Hesabu ya Kiswahili huanza siku baada ya Ijumaa, siku ya mosi, na jina hilo limetoka pwani pamoja na kalenda ya watu wanaosali Ijumaa. Ekegusii ilikopa hesabu yote isipokuwa mosi wake. Wamisionari Wakatoliki walifika Nyabururu na Waadventista Wasabato wakafika Nyanchwa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na hao wa pili ndio waliolipa juma la Abagusii siku yake ya mwisho. Kwa hiyo katika orodha ya maneno saba una Uislamu wa pwani na Uadventista wa milimani, vyote viwili, na hakuna aliyepanga iwe hivyo. Faili inaendelea hivyo hivyo kwenye miaka: kabla ya Kristo imeandikwa Yeso ataiborwa, na baada yake Yeso kaiboirwe. Mimi nasema maneno haya yaachwe yalivyo. Ni historia ya watu hawa kwa ufupi kuliko kitabu chochote nilichosoma.

Miezi ni kesi nyingine. Chanuari, Feburari, Machi, Apiriri, Mei, Juni, Chulai, Agosti, Septemba, Okitoba, Nobemba, Disemba. Mwenye sikio ameshashtuka. Aprili imepoteza l yake ikawa Apiriri, kama inavyotarajiwa. Januari imekuwa Chanuari, Novemba imekuwa Nobemba. Lakini Julai imebadilisha j pekee na kubaki na l: Chulai. Na Okitoba imepewa irabu ya kutenganisha k na t, ilhali Septemba imeachiwa p na t zikigongana. "Shosho husema Churai," akasema yule msichana. Mwenzake wa South Mugirango akapinga, eti vijana wa kwao hutamka l bila shida yoyote, si wamesoma? Wakabishana mpaka kengele ikalia.

Mjadala wao si wa mzaha. Ekegusii ina lahaja mbili kuu, Rogoro ya kaskazini na Maate ya kusini, na vitabu vingi vimefuata Rogoro. Wilfred Whiteley, yule yule aliyehariri jarida la Kamati ya Kiswahili, alichapisha utangulizi wa Ekegusii mnamo 1956 na uchunguzi wa nyakati za vitenzi vyake mnamo 1960. Biblia nzima ilitoka 1988. Kazi zote hizo zilipitia mikono ya watu waliokaa chini wakaulizana. Faili ya guz ni ndogo kiasi kwamba ungeweza kuiandika yote kwenye ukurasa mmoja au mbili, na bado husafiri mbali kuliko Biblia ile.

Na kuna jambo linalonikera zaidi ya l ya Chulai. Maghala mapya ya lugha, yale yanayofunza mashine kutafsiri na kusikiliza, yameanza kujengwa hapa hapa Afrika. Jumuiya ya Masakhane, ambayo ilianza 2019 na ambayo jina lake kwa Kizulu ni wito wa kujenga pamoja, inaweka data na misimbo yake wazi ili yeyote aichukue. Mwaka 2021 walitoa MasakhaNER, data ya kutambua majina ya watu na mahali katika lugha 10. Kiswahili kilikuwemo, na Dholuo. Watafiti wa Maseno na wenzao nao wakaunda Kencorpus: Kiswahili, Dholuo, na lahaja tatu za Kiluhya. Ukisimama Keroka ukatazama kaskazini na magharibi, majirani zetu wameingia ghalani. Ekegusii haimo katika hizo mbili. Sensa ya 2019 ilihesabu Abagusii 2,703,235. Si watu wachache wa kusahaulika pembeni.

Kuna wanaodhani tumeonewa. Mimi sioni hivyo. Kencorpus ilijengwa na watu waliokwenda shuleni, kwenye vituo vya redio na kwa wachapishaji kuomba matini, wakayaandika, wakayapa majina, wakayapakia. Sisi tuna kamusi, tuna Biblia, tuna Egesa FM inayozungumza Ekegusii mchana kutwa. Tuna Chuo Kikuu cha Kisii chenye hati tangu 2013. Matini yapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuyafunga kama vifurushi, na ruhusa ya wenye haki miliki, jambo ambalo ni gumu kuliko msimbo wenyewe. Masakhane walijifunza hilo walipotumia mkusanyo mkubwa wa maandishi ya kidini ya lugha zaidi ya 300, ambao baadaye uliondolewa hadharani kwa sababu ya hakimiliki. Ghala huria halijengwi kwa mali ya kuokota.

Kuirekebisha guz, kwa upande mwingine, hakuhitaji fedha. CLDR hutoa matoleo mapya takriban mara mbili kwa mwaka, na kabla ya baadhi yake hufungua ukumbi ambamo wazungumzaji wa lugha hupendekeza neno na kulipigia kura. Kura ya mgeni ina uzito mdogo kuliko ya mjumbe wa shirika, kwa hiyo mtu mmoja mwenye hasira hatoshi. Wanahitajika kadhaa, na inafaa waje na ushahidi. Hapo ndipo napotofautiana na wenzangu wanaotaka tuandike barua kali kudai Churai. Sijui kwa nini tudai neno kabla ya kusikiliza. Kama vijana wa Maate na wa Rogoro wote wanasema Chulai kwa l, basi sauti imeshaingia katika lugha, kama vile f ilivyoingia kwa Feburari, na wazee wa isimu tukubali. Kama hawasemi, tupeleke Churai na majina ya vijiji tulikolisikia.

Wanafunzi watano wamejitolea. Nimewapa daftari na simu za kurekodia, na agizo moja: wasimtajie mtu neno lolote, wamwonyeshe kalenda ya ukutani na kumwomba aisome kwa Ekegusii. Wawili wameelekea Nyamira, mmoja yuko Ogembo, wawili wameshuka South Mugirango. Wataanzia ukurasa wa saba.